Rukwa inalisha nchi, mbona inaongoza kwa umaskini?

SWALI: Mimi ni mkulima wa mahindi na nina duka dogo la pembejeo hapa Laela, mkoani Rukwa. Kila Juni bajeti ikisomwa tunaambiwa uchumi umekua kwa asilimia 5, 6 au 7. Halafu takwimu za Serikali hiyohiyo zinasema Rukwa ndiyo yenye maskini wengi kuliko mikoa yote. Sisi ndio tunaolisha nchi. Je, watafiti wanapika takwimu, au kuna jambo hatulielewi? Na hizi tafiti za kila siku zinamsaidia nani?

JIBU: Ndugu yangu wa Laela, hakuna aliyepika. Namba zote mbili zimepatikana kihalali na zinaweza kukaa pamoja bila kugombana, kwa sababu hazipimi kitu kimoja. Pato la Taifa linahesabu shilingi. Takwimu za umaskini zinahesabu watu. Shilingi zinaweza kuongezeka sana mahali penye watu wachache, na watu wakaongezeka sana mahali penye shilingi chache, na hilo ndilo lililotokea Tanzania kwa muda mrefu.

Nianze na hiyo asilimia 6 au 7. Kwa miaka mingi ukuaji wetu umebebwa na ujenzi, madini, usafirishaji, mawasiliano na huduma za fedha. Reli ya kisasa, bwawa la Julius Nyerere, migodi ya dhahabu Geita, minara ya simu: vyote hivyo ni uzalishaji halisi na vinaingia kwenye hesabu. Lakini mgodi mkubwa unaweza kuuza dhahabu ya mabilioni ukiwa na wafanyakazi wasiojaza tarafa moja. Kilimo, kwa upande wake, kinatoa takriban robo tu ya Pato la Taifa huku kikishikilia karibu theluthi mbili ya nguvu kazi ya nchi, na chenyewe hukua polepole kuliko hizo sekta nyingine. Kwa hiyo ukisikia "uchumi umekua", uliza kwanza umekua upande gani. Ukiwa umekua upande ambao wewe, mkeo, shemeji yako na wateja wa duka lako hamfanyi kazi, utafika kwenu kwa kuzunguka sana, na utachelewa njiani.

Kisha toa ongezeko la watu. Sensa ya 2012 ilitukuta tukiwa milioni 44.9. Ya 2022 ilitukuta milioni 61.7. Hilo ni ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka, kubwa kuliko lile la muongo uliotangulia. Uchumi ukikua kwa asilimia 6.5, nusu ya ukuaji huo inakwenda kuwapokea wageni waliozaliwa. Kinachobaki kwa kila kichwa ni asilimia 3 na kitu, na kwa mwendo huo pato la mtu mmoja linahitaji miaka 20 na ushee kuongezeka mara mbili. Si haba, nchi nyingi zingependa kuwa nalo. Ila halifanani hata kidogo na shangwe za bungeni.

Sasa umaskini. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, hufanya Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi kila baada ya miaka kadhaa. Ule wa 2011/12 ulisema asilimia 28.2 ya watu wa Tanzania Bara wako chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Ule wa 2017/18 ukasema asilimia 26.4. Miaka sita, karibu pointi mbili tu. Na kwa sababu watu wameongezeka, idadi ya maskini wenyewe haikupungua, ilipanda kutoka milioni 12 na kitu hadi karibu milioni 14. Waziri anaweza kusimama akasema umaskini umepungua, mpinzani wake akasimama akasema maskini wameongezeka, na wote wawili wakawa wamesoma ripoti ileile kwa uaminifu. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ikatupandisha kwenye kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Kipimo chake ni wastani wa kipato cha mtu mmoja, na wastani haujui nani amekula na nani amelala njaa.

Huo mstari wenyewe ni upi? Mwaka 2017/18 ulikuwa shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja. Gawanya kwa siku 30: kama shilingi 1,640 kwa siku, chakula, nguo, sabuni, dawa na mafuta ya taa humohumo. Aliyetumia 1,700 kwa siku hakuhesabiwa kuwa maskini. Ukichukua mstari wa kimataifa uliotumika wakati ule, wa dola 1.90 kwa siku, kwa bei zilizosawazishwa kati ya nchi na nchi, kaya zilezile, madodoso yaleyale, maskini wanaruka kutoka asilimia 26 hadi karibu 49. Wapo wanaokasirika wakisikia hivyo na kusema basi takwimu zote ni upuuzi. Mimi naona kinyume chake. Watu hao walio kati ya mistari miwili, karibu mmoja kati ya kila wanne, ndio habari kubwa kuliko zote kwenye ripoti ile. Hao wako juu ya shimo, ukingoni. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2019 kuhusu umaskini Tanzania Bara ilisema kwamba kwa kila Watanzania wanne waliotoka kwenye umaskini, watatu waliingia. Mtoto akilazwa wiki mbili, ng'ombe wa plau akafa, au bei ya mahindi ikaanguka, mtu anavuka mstari kurudi alikotoka. Ukitazama asilimia 28 ikigeuka 26 utadhani hakuna kinachosogea, kumbe chini yake kuna watu wengi wanaopanda na kushuka.

Nikae kidogo kwenye namna namba hizi zinavyopatikana, maana ndipo penye shaka yako. Mdadisi anakuja kwako na dodoso refu. Anataka kujua kaya imetumia nini, pamoja na mahindi mliyotoa ghalani kwenu wenyewe, maana chakula cha shambani nacho hukadiriwa bei na kuhesabiwa. Jinsi anavyouliza ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2007 na 2008 kundi la watafiti lilifanya jaribio hapahapa Tanzania, kwenye kaya zipatazo 4,000, katika wilaya saba. Walitengeneza aina nane za dodoso la matumizi. Wengine waliulizwa wakumbuke siku saba, wengine siku 14. Wengine walipewa orodha ndefu ya vyakula, wengine fupi. Wengine walipewa daftari la kuandika kila siku, na baadhi yao wakawa wanatembelewa mara kwa mara ili wasiandike kwa kubuni. Kaya ziligawiwa aina hizo kwa bahati nasibu, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kundi moja kuwa na njaa kuliko jingine. Majibu yalitofautiana vibaya sana: kulingana na dodoso, watu wenye njaa walikuwa kati ya chini ya asilimia 20 na karibu asilimia 70. Nchi ileile, miezi ileile.

Usiitafsiri hiyo kuwa ushahidi wa kupika. Funzo lake kwa mtu wa sera ni kwamba namba moja peke yake haina maana kubwa. Linganisha mwaka na mwaka pale tu ambapo mbinu haikubadilika, na ripoti ikikwambia umaskini umeshuka, kurasa za kwanza kufungua ni zile za nyuma zinazoeleza dodoso. Wanasiasa hawazifungui. Waandishi wetu wa habari nao, nasema hili nikiwa nawapenda, hawazifungui.

Turudi Rukwa. Utafiti wa 2017/18 uliipa Rukwa asilimia 45 ya watu chini ya mstari, na Dar es Salaam asilimia 8. Kwanza, tahadhari. Utafiti mzima ulihoji kaya 9,465 kwa mikoa 26, yaani wastani wa kaya 360 na kitu kwa mkoa. Kwa idadi hiyo, usishangae ukweli ukiwa pointi kadhaa juu au chini ya 45. Huwezi kugombania nafasi ya kwanza na ya pili kama ligi ya mpira. Lakini kwamba Rukwa iko kundi la chini, hilo halielezwi na makosa ya sampuli.

Pili, tazama kazi ya uwandani ilifanyika lini: kati ya Desemba 2017 na Novemba 2018. Utakumbuka kuliko mimi hali ilivyokuwa. Katikati ya 2017 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha mahindi nje ya nchi, kwa nia ya kulinda chakula na kutaka tuuze unga badala ya nafaka. Mavuno yakaja mazuri, wanunuzi wa Zambia, Kongo na Kenya hawapo, ghala za NFRA, wakala wa Serikali wa hifadhi ya chakula, zina uwezo wake na haziwezi kumeza kila kitu. Bei ikaporomoka shambani. Hata baada ya zuio kuondolewa, mkulima aliyekopa mbolea alikuwa ameshauza. Mwaka 2018 mfumuko wa bei nchini ulikuwa wastani wa asilimia 3.5, na tukapongezana. Chakula wakati ule kilikuwa na uzito wa zaidi ya theluthi moja kwenye kikapu kilichopima mfumuko huo. Kwa maneno mengine, sehemu ya pongezi zile zililipiwa na gunia lako. Mlaji wa Manzese, Dar es Salaam, alipata unga wa bei nafuu, mkulima wa Laela akapata hasara, na namba moja tu kati ya hizo mbili ndiyo iliyosomwa kwenye taarifa ya habari.

Sisemi zuio la 2017 ndilo lililoifanya Rukwa maskini, maana mkoa ulikuwa nyuma hata kabla. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zilipewa sifa ya kulisha taifa tangu miaka ya 1970 na 1980, na sifa ile ilikuwa na mtego ndani yake. Mkoa wa kulisha taifa unatakiwa kulima mahindi mengi na kuyauza kwa bei ambayo mijini hawatalalamika. Ukiongeza kwamba mahindi ni zao la thamani ndogo kwa uzito wake, kwamba barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita 224, imekuja karne hii kwa msaada wa Marekani, kwamba lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, inammeza mkulima kilo kadhaa kwa kila gunia bila kulipwa, na kwamba kaya za mikoa ya magharibi ni kubwa hivyo matumizi yanagawanywa kwa midomo mingi, hesabu inaanza kueleweka. Kulisha nchi na kuwa na fedha ni mambo mawili tofauti. Tajiri kwenye biashara ya mahindi ni mwenye ghala, lori na mtaji wa kusubiri mpaka Januari.

Sasa niseme ninachokiamini kuhusu namna watu wanavyotoka, kwa sababu hapa utafiti umefanya kazi ambayo porojo haziwezi. Kati ya 1991 na 1994, kaya 915 za Kagera zilihojiwa mara kadhaa, wakati mkoa ule unapukutishwa na UKIMWI. Mwaka 2004 watafiti walirudi kuwatafuta watu walewale, kokote walipo: vijiji vya jirani, Bukoba mjini, Mwanza, Dar, mpaka Uganda. Kaya 915 zilikuwa zimegawanyika zikawa zaidi ya 2,700, maana watoto wameoa, wajane wamerudi kwao, vijana wamehama. Mwaka 2010 wakarudi tena. Kumfuata mtu mmoja miaka karibu 20 ni kazi ya kuchosha na ghali, na ndiyo maana tafiti za aina hii ni chache Afrika.

Waligundua nini? Waliohama waliongeza matumizi yao kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya waliobaki, katika kipindi cha 1991 hadi 2004. Mtu atasema: bila shaka waliohama ndio wenye akili na bidii, wangefanikiwa popote. Watafiti walilifikiria hilo, wakalinganisha watu waliotoka kaya moja ya mwanzo: kaka aliyebaki Muleba na mdogo wake aliyeondoka. Tofauti haikufutika.

Kipande cha pili ndicho kinachokuhusu wewe. Watafiti walipogawanya waliotoka kwenye umaskini kwa njia walizopitia, kama nusu yao walitoka kwa kuacha kilimo na kuingia shughuli nyingine palepale vijijini, au kwa kuhamia miji midogo. Waliotoka kwa kwenda jiji kubwa walikuwa mmoja tu kati ya saba. Ni kweli kwamba aliyefika jijini alipanda haraka zaidi, lakini wanaofika ni wachache. Nauli, ndugu wa kukupokea, kodi ya chumba, kuachia shamba la ukoo: vizuizi viko vingi. Mji mdogo uko umbali wa baiskeli. Mtu anaanza na kuuza vitumbua siku ya gulio, shamba bado anarudi kulipalilia, mambo yakiharibika hajapoteza vyote.

Sensa nayo inaelekea huko. Dar es Salaam ilitoka watu milioni 4.36 mwaka 2012 ikafika milioni 5.38 mwaka 2022, ongezeko la asilimia 2.1 kwa mwaka, chini ya kasi ya taifa zima. Sehemu ya watu wake wamemwagikia Pwani, ambayo ilitoka milioni 1.1 ikafika milioni 2, hilo lazima likubaliwe. Lakini Rukwa yenyewe ilitoka milioni 1.0 ikafika milioni 1.54, na nchini kote sehemu ya wakazi wa mijini imepanda kutoka asilimia 29.6 hadi 34.9. Mijini huko ni pamoja na mahali kama Laela, Namanyere, Matai. Ni stendi, mashine za kukoboa, gereji ya pikipiki, saluni mbili na benki ya wakala.

Ukisoma sera zetu hutaona mahali hapo. Kuna sera ya kilimo, ambayo inamwona mtu shambani. Kuna mipango miji, ambayo inaliona jiji na machinga wake. Mji wa saizi ya Laela uko katikati na hauna mwenyewe. Fedha za maendeleo zikija, zinakuja kama zahanati, madarasa na bwawa la umwagiliaji, vitu vyema vyote, lakini umeme wa kutosha kuendesha kinu cha unga, mfereji wa maji ya mvua sokoni, maegesho ya malori, ghala la kukodi kwa gunia: hayo hayafurahishi mtu kuyazindua. Kama ningeombwa kutaja jambo moja ambalo tafiti za miaka 30 zingetufanya tubadili, ningetaja hilo kabla ya pembejeo, ingawa wewe unauza pembejeo na huenda hulipendi jibu langu.

Umeuliza zinamsaidia nani. Kwa sehemu, zinamsaidia mtafiti. Taasisi zetu za utafiti wa sera, kama REPOA na ESRF, zilizaliwa miaka ya 1990 wakati nchi inatoka kwenye kufunga mkanda wa marekebisho ya kiuchumi, na sehemu kubwa ya fedha za utafiti mpaka leo hutoka kwa wafadhili. Anayelipa ndiye huuliza swali. Ripoti inaandikwa Kiingereza, inazinduliwa hotelini Dodoma au Dar, chai na vitafunwa, na mtu wa Laela aliyejibu dodoso saa mbili nzima hajawahi kurudishiwa hata ukurasa mmoja. Hilo ni deni, na sioni haja ya kulipamba.

Kuna wakati pia mlango ulibanwa. Septemba 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa, ikawa kosa kuchapisha takwimu zinazopinga au kupotosha zile rasmi. Ilirekebishwa tena katikati ya 2019 na sehemu ile kali ikaondolewa. Lakini mtafiti kijana aliyeanza kazi mwaka ule alijifunza kuchagua mada isiyomletea maneno, na mazoea ya aina hiyo hayafutwi na gazeti la Serikali.

Hata hivyo zipo zilizobadilisha mambo. TASAF, mfuko wa Serikali wa maendeleo ya jamii, kabla ya kutandaza mpango wa kunusuru kaya maskini nchi nzima, ilijaribu kwanza Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, katika vijiji 80, nusu vikianza na nusu vikisubiri. Wakati ule maofisa wengi waliamini kwamba ukimpa maskini fedha atazinywea pombe. Matokeo yalionyesha kaya zikikata bima ya afya ya jamii, zikinunua viatu vya watoto, na zikiongeza mifugo midogo. Baada ya hapo mpango ulifika kaya zipatazo milioni 1.1. Unaweza kuulaumu kwa majina hewa na kwa ruzuku ndogo, na baadhi ya lawama hizo zina msingi, lakini hoja ya pombe ilikufa kifo cha takwimu.

Jingine ni la shule. Mwaka 2013 na 2014, shule za msingi 350 katika wilaya 10 ziligawanywa: baadhi zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi, baadhi zilipewa ahadi ya zawadi kwa mwalimu ambaye wanafunzi wake wangefaulu kusoma na kuhesabu, baadhi zikapata vyote viwili, na nyingine hazikupata kitu. Ruzuku peke yake haikuongeza ufaulu. Zawadi peke yake ilileta matokeo ya kusuasua. Vyote kwa pamoja vilileta mabadiliko yaliyo wazi. Mwaka uliofuata, 2015, ukatoka waraka wa elimu bila ada, na kuanzia Januari 2016 Serikali ikawa inapeleka ruzuku moja kwa moja shuleni. Lilikuwa jambo kubwa, watoto wakajaa madarasani. Lakini ni ruzuku tu iliyopelekwa, ile ambayo jaribio lilikuwa limeonyesha haitoshi ikiwa peke yake. Siwezi kukwambia hawakusoma. Kumlipa mwalimu kwa matokeo ni vita na chama cha walimu na ni fedha nyingi, na siasa ina hesabu zake.

Kwa hiyo, kwako. Mdadisi wa NBS akija, mjibu ukweli, hata kuhusu mbuzi na mkopo wa kikundi. Watu huficha mali wakidhani ni mtu wa kodi au wa TASAF, na kila anayeficha anaichora Rukwa maskini zaidi ya ilivyo, jambo ambalo halikuletei ruzuku bali linakuletea miradi isiyokuhusu.

Na takwimu inayoihusu Laela hasa tayari ipo, hakuna haja ya kusubiri mtafiti. Halmashauri yako inatoza ushuru wa mazao. Mwaka 2017 ulishushwa hadi asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha chini ya tani moja akasamehewa. Kila lori linalovuka kizuizi linaacha risiti kwenye mashine: tarehe, tani, mahali linakokwenda. Ukijumlisha kwa mwezi utaona ni kiasi gani kinatoka Juni hadi Agosti bei ikiwa chini, na kiasi gani kinatoka Desemba hadi Februari bei ikiwa juu. Diwani wako ana haki ya kuomba jedwali hilo kwenye kikao cha fedha. Weka pembeni yake bei ya gunia dukani kwako kila Jumamosi, na bei ya siku hiyohiyo Tunduma, ambayo dereva yeyote wa lori atakupa bure. Msimu mmoja wa namba hizo utaonyesha ghala la kukodi lingeirudishia kata yako shilingi ngapi, na hiyo ndiyo karatasi ya kwenda nayo kwa mkurugenzi kabla mapendekezo ya bajeti hayajafungwa.